Adhana Niliyoisoma Kwenye Ghala la Majini

Nimekuwa nikiadhini tangu ndevu zangu nyeusi, Unguja kwanza, kisha hapa Maskati, na hajatokea mtu hata mmoja akaniambia, "Maalim Seif, ile adhana yako ya alfajiri ya siku fulani bado naikumbuka." Lakini iko moja ambayo kila mtu anaikumbuka, kuanzia Hail mpaka Azaiba, watoto wanaiigiza na wanawake wanahadithiana huku wakikuna nazi, nayo niliisoma ndani ya ghala la Rusayl, kabla ya wakati wake, mahala watu wanapokwenda kutishwa, nikiwa na utando wa buibui wa uongo ndevuni. Aibu ni yangu na naihadithia mwenyewe, kwa sababu wanaoihadithia kwa niaba yangu wameshaanza kutia chumvi (juzi nimesikia eti nilizimia, sikuzimia, na laiti ningezimia mambo yangekuwa mepesi).

Nianze na Salma, maana bila ya Salma kisa hichi kingekuwa cha kuchekwa tu. Salma ni mjukuu wangu mkubwa, anafanya kazi maabara ya hospitali, msichana mpole lakini akishaamua jambo haliondoki. Alikuwa anaposwa na kijana anaitwa Haitham, na kijana mwenyewe hana neno, sala yake ipo na kazi yake ipo, ila ana babu. Babu yake ni Sheikh Khalfan. Wao ni watu wa Tabora, sisi ni watu wa Unguja, na ingawa sote tuko Oman miaka tele, Sheikh Khalfan bado anaamini kwamba watu wa Unguja tunapenda mno mchezo. Huyu ni mzee aliyewahi kuvunja posa ya mjukuu mwengine kwa sababu baba wa msichana alisikika anapiga mluzi. Wallahi, mluzi! Familia yao nzima haitii mguu pahala mpaka yeye aseme ndiyo.

Sasa, Jumanne ya wiki ile mimi nilitoa darsa msikitini kwetu Hail. Nikasema juu ya hii Halowini, hii siku ambayo watu wazima na akili zao wanajipaka rangi wakafanana na maiti, na nikasema kwa ukali, na nakiri kwamba nilinogewa, nikaona watu wananyamaza nikazidisha. Nikawaambia, Waislamu, mauti mnayo bure na kaburi mnalo bure, mnakimbilia wapi? Usiku ule ule Sheikh Khalfan akanipigia simu.

"Maalim," akasema, "nimeletewa sauti ya darsa lako. Nyumba yenye mzee kama wewe, sisi hatuna suala. Ijumaa baada ya laasiri tunakuja kumtaka Salma."

Salma alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Alinibusu kichwa mara mbili. Mimi nikalala nikijiona nimeshinda vita.

Wenye kunivuta mpaka kule ghalani ni wadogo zake Salma, Amal na Nuru, ambao hawajafika hata nusu ya kimo changu lakini simu wanaijua kuliko mimi ninavyojua sanduku langu la nguo. Siku ya Alkhamisi wakaniketisha katikati wakanionesha matembezi ya kutisha ya msimu ule, moja baada ya moja, na mimi nikawa nayatolea hukumu kama kadhi. Kulikuwa na mkahawa Azaiba unaokuandalia chakula juu ya jeneza, na mhudumu kavaa sanda (nikawaambia, mimi nimekosha maiti wengi, na hamu ya kula haikunijia hata siku moja). Kulikuwa na safari ya kwenda kwenye kijiji cha udongo kilichohamwa, mnapewa tochi mnaambiwa mkae kimya msikilize. Watu wana majumba ya ghorofa tatu yenye vipoza hewa, wanakwenda kusikiliza ukuta! Kulikuwa na kambi ya jangwani ambako mtu anawahadithia habari za majini mpaka mlie. Na kulikuwa na hilo ghala la Rusayl, ambalo wenyewe hawakuliita Halowini kwa kuona haya, waliliita "Jioni ya Familia na Msisimko", na kwenye picha palikuwa na familia inalia.

"Sisi tulitishwa bure," nikawaambia. "Kutoka chuoni kwenda nyumbani, pale Kikwajuni, palikuwa na mkwaju mmoja tu na ulitosha."

"Basi twende, Babu, uone kama huu unatosha," akasema Nuru.

Nikakataa. Salma akasema wazazi wao wameshawaahidi na yeye ndiye wa kuwapeleka, na mimi, kwa ile homa ya kuwa mlinzi wa nyumba, nikasema maneno yaliyonimaliza: "Ntakwenda, lakini ntakaa garini."

Wala sikusema uongo. Tulifika Rusayl siku ile ile baada ya laasiri, na mimi nikakaa garini na tasbihi yangu. Watu niliowaona wakiingia siwezi kuwataja, ila niseme tu kwamba safu ya kwanza ya darsa langu la Jumanne ilikuwa imewakilishwa vizuri. Wengine wakiliona gari langu walikuwa wanageuza uso kutazama malori, kana kwamba wamekuja Rusayl kununua saruji.

Jua likaanza kushuka na mimi nikaona bora nitie udhu mapema, ili magharibi ikiingia iwe kuswali tu. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu angeweza kusubiri. Mtu angeweza kuuliza. Lakini mimi nikashuka, nikazunguka nyuma ya ghala, nikaona mlango mdogo umeandikwa kwa Kiarabu kwamba ni wa wafanyakazi, nikasema moyoni wafanyakazi lazima wana mfereji wa maji. Nikaingia. Mlango ukajifunga nyuma yangu na upande wa ndani haukuwa na kitasa.

Kiza. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na kilemba cheupe, ndevu zangu mnazijua, na mkononi nna bakora. Nikapapasa ukuta, kitu kikanipitia usoni kama pamba, nikakipangusa, kikaganda kwenye ndevu. Nikapita pazia moja, nikapita la pili, mara nimesimama katikati ya makaburi ya mbao, taa ya kijani inaniangaza kutoka chini, na mbele yangu iko familia nzima, baba, mama, shangazi na watoto, wamekumbatiana.

Mimi nimefunzwa kwamba ukikuta watu unaanza kwa salamu. Nikasema, "Assalamu alaykum." Sauti yangu siku hizi imekwaruza kidogo.

Mayowe niliyoyasikia sijapata kuyasikia. Baba wa familia ndiye aliyekuwa wa mwanzo kukimbia, akawaacha wanawake. Shangazi peke yake ndiye aliyesimama, akanitazama juu na chini akasema, "Huyu khasa! Hata jini lao limefunzwa adabu," kisha naye akaondoka bila ya kuniitikia salamu.

Nikabaki peke yangu na makaburi. Kutoka juu vilio vinatoka, vya wanawake, vya mbwa, vya sijui nini, na mimi nikijua vizuri kwamba ni kanda. Nnajua. Lakini kujua kuko kichwani, na miguu ina shauri lake. Nikarudi kinyumenyume, nikaingia kwenye kichumba chenye taa nyekundu ndogo, nikasema nitasimama hapa nisome Ayatul Kursiyy mpaka nitulie, na nikawa nimefika katikati pale mkono baridi uliponishika bega.

Nikageuka. Kilikuwa kichwa tu, hakina macho.

Jamaa zangu, wazee wetu walitufundisha kwamba ukikumbwa na usichokielewa penye kiza, adhini, maana viumbe hao hawaistahimili adhana. Nimewafundisha watoto maisha yangu yote. Sikufikiri saa, sikufikiri jua, sikufikiri niko wapi. Nikatia vidole masikioni nikafungua kinywa: Allahu Akbar, Allahu Akbar! Na ile bakora iliyokuwa imeninginia mkononi ikampata yule kiumbe kwenye paja bila ya mimi kukusudia sana.

"Mzee! Mzee wangu, usinichape!" kikalia kile kichwa kwa Kiswahili safi cha Nairobi. "Mimi si shetani, ni Kevo! Niko kazi tu!"

Akakivua kichwa. Kijana wa Kikenya, jasho linamtiririka, macho anayo yote mawili. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini adhana haikatwi katikati, na Kevo mwenyewe, mtu wa kanisani lakini miaka yake ya Oman imemfunza heshima, aliposikia ni adhana akanyoosha mkono upesi akazima vile vilio ili adhana isikike. Ghala zima likanyamaza. Na hapa niwaambie ukweli ambao hata Salma sijamwambia: lile ghala lina mwangwi mzuri ajabu. Nilianza kwa khofu, lakini kufikia "Hayya 'ala s-salah" nilikuwa naivuta, naipamba, naisikia sauti yangu inarudi kutoka kwenye mabati nikaona haijapata kutoka vile. Nilimaliza kwa raha. Nilipofumbua macho nikaona ile taa nyekundu ndogo ilikuwa ya maikrofoni.

"Imeenda nje yote, mzee," akasema Kevo kwa upole. "Spika zote za uwanjani."

Alinishika mkono akanitoa kwa mlango wa mbele. Nilichokikuta uwanjani, nakiona mpaka leo nikifumba macho. Kule nje ukuta wa ghala ulikuwa umeziba jua, kila mtu yuko kivulini, na wameisikia adhana ya mzee, safi, bila ya shaka yoyote. Kwa nini wasiitike? Majini wameshavua sura zao na wanatia udhu kwa chupa za maji. Maiti mmoja wa Kibangali, damu ya rangi mpaka kifuani, anatandika mikeka. Mchawi anauliza kibla kiko wapi. Familia zimeacha mishikaki yao, safu mbili zimeshanyooka, na wananisubiri mimi, maana mwenye kilemba na ndevu nilikuwa peke yangu.

Sikuwa peke yangu. Kwenye kiti cha plastiki, karibu na kibanda cha maji ya miwa, amekaa Sheikh Khalfan. Alikuwa amefunga Sunna ya Alkhamisi. Gilasi ya maji mkononi, shavu limetuna, na ndani ya shavu iko tende.

"Babu!" Salma alikuja mbio kutoka upande wa pili, amewashika wadogo zake. "Babu, bado! Magharibi bado!"

Na kana kwamba hilo halikutosha, lori lililokuwa limeegeshwa baina ya ghala letu na la jirani likaondoka, na pale palipokuwa na lori likatokea jua. Zima. Jekundu, limenenepa, limekaa juu ya vilima kama mgeni asiye na haraka ya kwenda zake.

Safu zikageuka kulitazama. Kisha zikageuka kunitazama mimi. Sheikh Khalfan alisimama polepole. Ile tende hakuitema na hakuimeza.

"Nani kaadhini?" akauliza.

Kevo, Mungu amlipe kheri, akasogea mbele yangu akasema, "Ilikuwa kanda, mzee. Mashine imejibonyeza."

Sikilizeni, mlango ulikuwa wazi. Ningenyamaza tu, kwisha. Kanda! Kesho wangekuja, Salma angeposwa, na mimi ningebaki yule Maalim mkali wa Jumanne. Nikamtazama Salma, naye ananitazama mimi, uso umemkauka, na nilijua anaomba nini. Nikamtazama Sheikh Khalfan. Yule mzee amekaa na njaa tangu alfajiri kwa ajili ya Mola wake, na sasa anataka kujua nani kamharibia.

"Si kanda," nikasema. "Ni mimi."

"Maalim Seif?"

"Ndiye."

Akanikaribia. Akanitoa ule utando ndevuni kwa vidole viwili, akautazama, akauachia uende na upepo.

"Mule ndani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikwenda kutia udhu."

"Udhu."

"Udhu, Sheikh. Kisha nikaogopa, nikaadhini. Na wewe?"

Halikuwa suala la adabu, najua. Limetoka tu. Sheikh Khalfan akavuta pumzi.

"Mimi nimekuja kuangalia usalama wa watoto."

"Ahsante."

"Nimefungua, Maalim."

"Nimeona."

"Na jua lile pale."

"Naliona."

Akameza ile tende, kwani angeifanya nini? Akaniambia neno moja, "Haya," akachukua bakora yake na wajukuu zake akaenda zake, hakunipa mkono. Pale uwanjani wakacheka, kwanza wale vijana, kisha wote, na yule shangazi akasema kwa sauti, "Kumbe hakuwa jini! Nami sikumwitikia salamu!"

Safari ya kurudi Hail ilikuwa ndefu. Salma anaendesha, machozi yanamtoka bila ya sauti, anayapangusa kwa ncha ya mtandio. Mimi nikamwomba radhi. Akasema, "Hujakosa kitu, Babu. Umesema kweli." Kisha baadaye kidogo, "Lakini kesho hawaji." Nyuma, Nuru akamnong'oneza dada yake kwamba Babu kawashinda majini wote, na Amal akamwambia anyamaze.

Kufika Ijumaa asubuhi tayari simu zilikuwa zimejaa. Kuna aliyenipiga picha kwenye makaburi, taa ya kijani usoni, na chini yake kaandika, "Darsa la Jumanne, sehemu ya pili." Msikitini, vijana wa safu ya nyuma walinipisha kwa heshima iliyozidi kidogo. Watu walewale niliowaona wanageuza nyuso Rusayl ndio waliokuja kunipa pole, mmoja akaniambia, "Lakini Maalim, pahala pale hapafai kwa mtu kama wewe," na mimi nikamuuliza vipi saruji ilikuwaje, na akaondoka. (Nimeomba maghufira kwa hilo. Si mara nyingi.)

Mke wangu alipika kahawa na akatoa haluwa juu ya meza kama kawaida, bila ya kuuliza kama wageni wanakuja au hawaji. Laasiri ikapita. Tukakaa. Salma yuko chumbani na jirani zake. Kengele ya mlango ikalia, nami nikaenda mwenyewe kufungua, na alikuwa Sheikh Khalfan, kavaa joho lake, na nyuma yake ukoo mzima.

Alikaa, akanywa kahawa, akatikisa kikombe kwamba basi. Wanaume wakazungumza habari za mvua na habari za barabara, hakuna anayetaja Rusayl, na kila mmoja anauma mdomo kuzuia kicheko. Mwisho Sheikh akakohoa.

"Tumekuja kumtaka binti yenu Salma," akasema. "Sisi tumeridhika. Ila nna sharti moja."

Nyuma ya mlango nikasikia mtu anavuta pumzi.

"Siku ya harusi," akasema Sheikh Khalfan, "adhana asome mtu mwengine."

Majlisi ililipuka. Wanawake ndani wakapiga vigelegele na kucheka kwa pamoja, na sikuweza kujua lipi ni lipi. Wakati wa kuondoka akanivuta pembeni, karibu na viatu.

"Yakhe," akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita ndugu, "mimi jana nilirudi nyumbani nikaulizwa nimekuwa wapi. Nikasema Rusayl, mambo ya usalama. Sikulala, maana wewe ulisema kweli mbele ya uwanja mzima. Kama ungesema ni kanda, sote wawili tungekuwa waongo, na leo nisingekuja, na wala nisingejua kwa nini sikuja." Kisha akavaa viatu vyake. "Jumatatu nalipa ile siku yangu. Njoo ufungue kwangu."

Nikafunga na mimi, kumsindikiza. Jumatatu tuliketi sote barazani kwake, Salma na Haitham wapo, tende ziko kwenye sahani, na msikiti wa mtaa ukaadhini, adhana nzuri ya kijana mwenye pumzi. Mimi nikasema bismillahi nikanyoosha mkono. Sheikh Khalfan alikuwa ameshashika tende yake, lakini hakuitia mdomoni. Akanitazama. Akatazama saa yake. Akatazama saa ya Haitham. Kisha, na tende mkononi, akasema:

"Salma, binti yangu, hebu toka nje unitazamie jua."

Na Salma akatoka, jamaa zangu, akatazama, na hakuwa na haraka yoyote. Tangu siku hiyo mimi udhu natia nyumbani kwangu, kwenye mfereji wangu, na taa nawasha.